Kabla hujaleta Boerboel nyumbani

Simba, dume wangu wa Boerboel, mbwa mkubwa wa ulinzi wa asili ya Afrika Kusini, ana kilo 68. Akikurupuka simwezi kwa nguvu. Ananisikia kwa sababu nilianza kumfundisha akiwa na miezi mitatu, alipokuwa bado anabebeka.

Basi anzia hapo. Mtoto wa mbwa akikurukia, mgeuzie mgongo. Akitulia ndipo umpe mkono. Mzoeshe mapema bodaboda, wanafunzi wanaopita, muuza maziwa. Dakika kumi kila siku, na dagaa mmoja akitii. Usimpige: mbwa mkubwa aliyelelewa kwa fimbo huogopa mikono, na mwenye hofu ndiye anayeuma.

Mnyororo wa kutwa nzima naukataa kabisa. Nilimkuta mbwa wa jirani shingo imechubuka hadi nyama, akimkoromea kila apitaye. Jenga banda lenye kivuli, weka geti linalojifunga lenyewe, na kibao cha "Mbwa Mkali" kisomeke kutoka barabarani. Mkitoka, kamba fupi, mkononi mwa mtu mzima.

Chakula mgawie mara mbili kwa siku, na asikimbie akishashiba. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu tumbo lao huweza kujaa gesi na kujisokota, wakafa ndani ya saa chache.

Chanjo ya kichaa cha mbwa: miezi mitatu, kisha kila mwaka, kadi itunze. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na gharama ulipe wewe.