Gugu karoti pembeni mwa barabara, ling'oe kabla halijatoa maua

Wenzangu mnaofanya usafi wa barabara huku Arusha, hili gugu mnalijua, majani kama ya karoti, vimaua vyeupe vidogo vidogo. Wengi tunapita na fyekeo tu na hapo ndo tunakosea, maana likifyekwa linachipua tena kutokea chini na matawi mengi kuliko mwanzo, na shina moja likikomaa linaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000.

Kwanza jikinge. Glavu, mikono mirefu, buti, barakoa, na reflekta usiache, koni weka mbele na nyuma. Mwaka wa kwanza niling'oa mikono mitupu, jioni shingo na viwiko vikaanza kuwasha, vipele vikatoka, wiki nzima najikuna. Mwenye pumu msimpange kabisa kwenye kazi hii.

Pili, subiri mvua inyeshe, uingie kesho yake asubuhi udongo ukiwa laini. Shika shina chini kabisa, vuta taratibu mpaka mzizi utoke mzima, ukikatikia ndani chimbua na jembe.

Ukikuta limeshachanua usivute hovyo. Livishe kiroba kwanza, kata kichwa kikiwa humo humo, funga, ndo ung'oe shina. Na jamani msitupe mtaroni, maji yanazipeleka mbegu mpaka mashambani na malishoni, ng'ombe wakilila maziwa yanakuwa machungu na mfugaji hajui hata kosa lake ni nini. Anika kwenye turubai likauke, choma, simama upande upepo unakotokea.

Tatu, na hii ndo wengi wanairuka, kabla hujahamia kipande kingine safisha vifaa. Juzi nilichokonoa tope kwenye soli ya buti langu na kijiti, nikakuta vimbegu vyeusi kama punje za ulezi, vingi tu, sasa fikiria tairi za greda zinabeba kiasi gani! Kifusi nacho mkikague huko huko kinakochimbwa, kama gugu limeota pale msikubali kije barabarani.

Baada ya hapo rudi kila wiki 3 msimu wote wa mvua, maana linaweza kuchanua ndani ya mwezi mmoja tu tangu liote na mbegu zilizofukiwa zinakaa miaka. Palipobaki wazi panda ukoka ufunike udongo, usipopanda linarudi pale pale.