Mama Hajui Kiingereza: Hilo Peke Yake Halimpi Mafao ya Ulemavu Marekani

Simu za aina hii hutufikia sisi tuliobaki Dodoma usiku wa manane, kwa sababu huko Texas au Minnesota ndiyo kwanza watu wanatoka kazini. "Kaka, kesho pitia shule aliyosoma mama, uombe barua kwamba hakumaliza. Mgongo umemshinda, kazi hawezi tena, na Kiingereza hajui. Tunamfuatilia mafao ya ulemavu."

Barua tutaifuata. Ila habari ya Kiingereza iacheni kabisa. Zamani ilikuwa na uzito: kanuni za Social Security, idara ya Marekani inayotoa mafao hayo, zilizoandikwa mwaka 1978 zilikuja kumweka asiyeweza kuwasiliana kwa Kiingereza karibu na asiyejua kusoma. Kipengele hicho kilifutwa kuanzia 27 Aprili 2020. Anayekwambia bado kipo, hata kama ni mtu wa kanisani kwenu aliyefanikiwa mwaka 2015, anakupa ramani ya mji uliokwisha kubomolewa.

Sasa swali ni moja: mwombaji anaweza kusoma au kuandika ujumbe mwepesi, kama maelekezo mafupi au orodha ya vitu stoo, kwa lugha yoyote ile? Kiswahili kinahesabiwa. Kigogo na Kirangi pia. Kujua kusaini jina tu hakumfanyi mtu kuwa msomi. Na kwa kawaida, aliyemaliza darasa la nne au zaidi huchukuliwa kuwa anajua kusoma na kuandika, bila kujali alisomea nchi gani.

Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Mtu anasema, "Mama alisoma miaka minne." Sawa, lakini alimaliza darasa la ngapi? Watoto wengi wa Ugogo walianza shule baada ya 1977, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza, halafu mwaka wa njaa wakatolewa kwenda kuchunga, wakarudi, wakarudia darasa. Miaka minne shuleni inaweza kuwa darasa la pili. Fomu inataka darasa la juu kabisa alilomaliza, kwa hiyo mkalishe mama, muulize taratibu, mwache akumbuke alikuwa na mwalimu gani darasa lipi, ndipo ujaze.

Na usisahau ngumbaru. Kama aliwahi kuhudhuria kisomo cha watu wazima na leo anasoma Biblia au Kurani ya tafsiri ya Kiswahili, huyo anasoma, basi. Kumwandika kuwa hajui kusoma ni uongo kwenye fomu ya serikali, na uongo huo una adhabu. Pia hugundulika kirahisi, maana kwa mtu ambaye hakufika darasa la nne wanaopitia faili hutazama maisha yenyewe: kazi zake za nyuma zilihitaji kusoma? Alifanya mtihani wa maandishi wa leseni ya udereva? Barua zinazokuja nyumbani anazisoma nani? Kwa upande wa pili, mama ambaye miaka yote anatuma sauti tu WhatsApp na kamwe haandiki, huo ni ukweli wenye maana. Uelezeni hivyo hivyo ulivyo.

Lakini je, kusoma kuna uzito kiasi gani? Pungufu ya watu wanavyodhani. Social Security kwanza hutazama kama mtu anafanya kazi yenye kipato kinachozidi kikomo chao, kisha kama ugonjwa ni mzito na umedumu au utadumu miezi 12, au unaelekea kwenye kifo, kisha kama umo kwenye orodha yao ya magonjwa, kisha kama anaweza kurudia kazi yake ya zamani. Elimu huingia hatua ya tano na ya mwisho, ikichanganywa na umri, ujuzi wa kazi na nguvu zilizobaki mwilini kwenye jedwali lao la kuamua.

Chukua mfano wa mama wa miaka 52 kutoka Mpwapwa aliyekuwa akibeba maboksi mazito ghalani, kazi isiyohitaji ujuzi. Madaktari wanaona sasa anaweza kazi nyepesi tu: kusimama sehemu kubwa ya siku na kuinua hadi paundi 20, yaani kilo 9 hivi. Kama hajui kusoma wala kuandika kwa lugha yoyote, jedwali lao linasema ana ulemavu. Mama huyo huyo angekuwa amemaliza darasa la saba Mpwapwa, jedwali linasema hana. Mgongo ni ule ule.

Sasa badilisha kidogo. Akifikisha miaka 55, kwa kazi ile ile na nguvu zile zile, darasa la saba halimzuii tena. Au akiwa na 52 lakini hawezi zaidi ya kazi ya kukaa, pia anapita bila kuulizwa sana kusoma. Akiwa na 47 na anaweza kazi ya kukaa tu, hapo kutojua kusoma kunarudi kuwa mzani. Chini ya 45 hakumsaidii kwenye jedwali. Kwa hiyo kabla ya kumsumbua mjomba apande basi kwenda Mvumi kufuata barua ya shule, tazama tarehe ya kuzaliwa na ripoti za daktari. Mara nyingi kilichopungua ni ripoti za daktari.

Ikiwa barua inahitajika kweli, mtume mtu kwa mwalimu mkuu na jina alilotumia mama shuleni, maana wengi waliandikishwa kwa jina la babu au la ukoo. Daftari la uandikishaji likiwa limeliwa na mchwa, afisa elimu kata anaweza kukwambia pa kuanzia. Iwe na muhuri na tarehe. Msiombe barua "isaidie kidogo".

Siku ya mahojiano mama ana haki ya mkalimani wa bure kutoka Social Security. Mtumieni huyo. Watoto tuna tabia ya kufupisha: mama anaeleza dakika tano jinsi asivyoweza kuinama kufua, binti anatafsiri, "She has back pain." Kama Kiswahili chake ni cha sokoni tu na Kirangi ndicho cha nyumbani, semeni mapema.

Walioko Uingereza, kwenu hesabu ni nyingine. PIP, mafao ya ulemavu ya huko, ina kipengele cha kusoma na kuelewa maandishi, lakini hupimwa kwa lugha ya mtu mwenyewe, na shida lazima itokane na hali ya kiafya. Kukosa shule hakuleti pointi.

Kuna jambo la kuuliza kabla ya yote haya. Mafao ya SSDI ni ya aliyechangia kwa kufanya kazi, kwa kawaida takriban miaka mitano ndani ya kumi ya mwisho, pamoja na jumla inayopanda na umri. Mama mliyemleta juzi kwa green card hana michango hiyo. SSI ni ya wenye kipato kidogo, lakini tangu sheria ya 1996 wahamiaji wengi wa green card huhitaji robo 40 za kazi, yaani robo mwaka 40, kama miaka kumi. Wakimbizi wana njia yao, yenye kikomo cha miaka saba.

Akikataliwa, ana siku 60 za kukata rufaa tangu apokee barua. Na kama anapokea SSI halafu kuna msiba nyumbani, hesabuni siku: akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo malipo husimama, na hayarudi hadi awe amekaa tena Marekani siku 30 mfululizo. Arobaini ya marehemu ina siku arobaini, kwa hiyo tiketi ya kurudi iwe ya kabla siku 30 hazijatimia.