Mfano wa Mbegu, Bila Haradali

Katika Mathayo 13, Yesu anaufananisha Ufalme wa mbinguni na punje ndogo inayokuwa mti, na chachu katika pishi tatu za unga, na wavu wa samaki. Mara ya kwanza kuifundisha sura hiyo kwa watoto wa huku mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, nilisema “punje ya haradali” kama ilivyoandikwa. Mmoja akauliza, “Mwalimu, hiyo ni dawa ya tumbo?” Somo likaishia hapo.

Siku hizi naanza na wanachokijua. Kabla ya Jumapili pita njia wanayopita, uone wanachokigusa kila siku. Kwetu kuna mkuyu karibu na kisima. Naokota kuyu lililoiva, nalipasua, nampa kila mtoto mbegu moja kwenye ncha ya kidole. Wengine huipoteza hata kabla hawajakaa. Waache waitafute, huko kuitafuta ni nusu ya somo. Kisha tunatoka nje kuutazama mti, ndege wakiwa juu. Usieleze bado. Uliza, “Huu ulitoka wapi?” Halafu nyamaza.

Kwa akina mama wauza maandazi, chukua chachu na zile pishi tatu za unga. Usiwafundishe hamira inavyofanya kazi, waulize wao. Wakianza kukusahihisha, ujue wamekwisha kuingia. Wavuvi, wape wavu. Kazi ya kuchambua samaki wanaijua kuliko mimi.

Mfano mmoja, jambo moja. Niliwahi kutaka kila ndege na kila tawi liwe na maana yake, wazee wakasinzia.

Ukimaliza, mwombe mmoja asimulie upya kwa maneno yake. Akieleza mkuyu wote bila kuugusa Ufalme, Jumapili ijayo rudini mtini.