Msikiti au kanisa lenu Marekani limepata ruzuku ya ulinzi? Jiandaeni na mkaguzi wa jimbo hivi

Ruzuku hii, NSGP, ya kuimarisha ulinzi wa mashirika yasiyo ya faida, inatoka FEMA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia majanga, lakini wanaowasimamia ninyi ni ofisi ya jimbo inayoitwa SAA. Wao ndio waliopokea fedha, wao ndio watakaokuja kukagua. Haya ndiyo niliyomwelekeza katibu wa msikiti mmoja wa Waswahili.

1. Pateni namba ya UEI, yaani namba ya utambulisho wa shirika lenu, kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu. Ni bure. Anayewatoza ni tapeli.

2. Someni mkataba wote wa ruzuku kabla ya kununua chochote.

3. Kibali cha EHP, yaani cha mazingira na majengo ya kihistoria. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Kabla ya kufunga kamera, taa, mlango au uzio, FEMA lazima ipime athari kwa mazingira na kwa majengo ya kihistoria. Jazeni fomu, pigeni picha kila mahali patakapoguswa, andikeni mwaka jengo lilipojengwa; la zamani huangaliwa kwa makini zaidi. Pelekeni kwa SAA, nao wataifikisha FEMA. Kisha subirini. Fundi atawaambia ni matundu manne tu ya skrubu. Mkatalieni: kazi ikianza kabla ya kibali, gharama yake hairudishwi. Barua ikija, isomeni vizuri, maana inaruhusu kazi iliyoombwa tu. Mkitaka kuhamishia kamera ukuta mwingine au kuchimba mtaro wa waya, rudini kwanza SAA. Jibu la simu halitoshi. Ombeni barua pepe.

4. Msinunue kamera za Hikvision wala Dahua, kampuni za China. Sheria ya 2018 inazuia fedha za serikali kuu kununua kamera zao, na baadhi huuzwa kwa nembo nyingine. Muuzaji athibitishe kwa maandishi nani kaitengeneza.

5. Kotesheni tatu, hata kwa kazi ndogo. Shemeji wa imamu akiwa mmoja wa wenye kampuni iliyoleta kotesheni, imamu asikae kwenye kikao cha kuchagua.

6. Mnalipa kwanza, mnarudishiwa baadaye. Lipeni kwa hundi, kamwe si taslimu. Mimi napenda faili la karatasi kuliko picha za risiti kwenye WhatsApp: kotesheni, ankara, hundi iliyopita benki. Litunzeni miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha.

7. Siku ya ukaguzi mkaguzi atalinganisha namba iliyochapwa kwenye kila kifaa na orodha yenu ya vifaa. Mwenye ufunguo wa chumba cha mitambo awepo.