Njiwa bandia wa kuwindia njiwa pori Uingereza: kuchagua na kuwarekebisha mwenyewe

Kwa ndugu zangu mlioko huku Uingereza, hasa mnaofanya kazi mashambani Lincolnshire, Norfolk na kule Cambridgeshire, mmeshaona wenyewe kundi la njiwa pori likitua kwenye shamba la repu (zao la mbegu za mafuta) wakati wa baridi linafanya nini, wanakula majani mpaka vinabaki vijiti, na baadae wanahamia kwenye njegere na ngano iliyolala. Mkulima akikuamini akakupa ruhusa ya kuja na shotgani umsaidie, kitu cha kwanza utakachokimbilia dukani ni njiwa bandia, na hapo ndo watu wengi wanamwaga hela bure. Maoni yangu yako wazi kabisa: njiwa bandia kumi wa bei ya chini uliowarekebisha vizuri wanavuta kuliko hamsini wanaong'aa waliosimama kama mawe.

Kabla hatujaenda mbali, sheria kwanza. Huku njiwa pori hapigwi kwa kujifurahisha tu, anapigwa chini ya leseni ya jumla (general licence, huombi, unafuata masharti yake tu), kwa England ni GL42 ya kuzuia uharibifu mkubwa wa mazao, Scotland na Wales wana za kwao, na masharti yanaweza kubadilika kwa hiyo isome upya kila mwaka inapotoka. Uwe na cheti cha shotgani kutoka polisi na ruhusa ya mwenye shamba, bora ya maandishi. Halafu kuna hili ambalo linatuhusu moja kwa moja sisi wa njiwa bandia: sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kutumia ndege hai aliyefungwa au aliyejeruhiwa kama chambo, na inakataza pia kucheza sauti iliyorekodiwa kuwavuta. Njiwa wa plastiki, njiwa waliokufa, na mashine ya kuzungusha, hizo ni sawa. Na umjue ndege wako: njiwa pori mkubwa ana baka jeupe shingoni na mstari mweupe kwenye bawa, kuna mwenzake mdogo kidogo asiye na weupe huo kabisa, Waingereza wanamwita stock dove, yule analindwa, usimguse.

Sasa kununua. Kuna wa mwili mzima na kuna magamba, yaani nusu ya juu tu ya njiwa, ndani wazi. Mimi ni mtu wa magamba. Yanaingiliana moja ndani ya lingine, dazeni mbili zinakaa kwenye begi la mgongoni, na ukitembea shamba lenye tope mpaka ule ukingo wa mbali utashukuru. Wa mwili mzima wanapendeza, wachache wako poa kuweka mbele, lakini kubeba ni shida.

Ukiwa dukani usiangalie kama amechorwa vizuri machoni na mdomoni, njiwa aliye juu haoni hayo. Angalia mkao. Njiwa anayekula ameinamisha kichwa, mgongo umelala, shingo fupi. Njiwa aliyenyoosha shingo juu ameona hatari anataka kuruka, na ukipanga shamba zima shingo juu unawaambia wenzake wasitue. Chukua wengi wa kuinama, wawili watatu wa kusimama wanatosha. Halafu angalia weupe, lile baka la shingoni na mstari wa bawa uonekane ukiwa umesimama mbali, maana huo ndo wenzake wanauona wakiwa angani. Mwisho mtoe nje kwenye mwanga, umwagie maji kidogo kama muuzaji anakubali, akiwaka kama bati jipya ujue una kazi ya kufanya nyumbani. Sio lazima umwache, ila bei ipungue.

Kung'aa ndo adui namba moja. Plastiki asubuhi yenye umande au baada ya manyunyu inarudisha mwanga na njiwa anageuka akiwa mbali bado. Dawa yake sio ngumu. Osha gamba kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo utoe mafuta ya kiwandani, suuza sana, likauke, kisha lisugue kwa msasa laini mpaka lififie lote. Piga praima ya plastiki kwanza, ukiruka hatua hii rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka kabla msimu haujaisha. Kisha rangi isiyong'aa, tabaka nyembamba nyembamba mbili, kijivu chenye ubluu kidogo mgongoni, kifuani changanya kahawia na waridi kidogo sana. Wakati tabaka la mwisho bado bichi nyunyizia vumbi laini la mbao au mchanga uliochekechwa, likikauka kung'uta, halafu pitisha rangi tena kwa juu, unapata uso wenye chembechembe unaomeza mwanga. Wale wa dukani wenye manyoya mafupi laini wanafanya kazi hiyo hiyo tena vizuri zaidi, ila wananyonya tope na weupe wao unachafuka haraka, wapige brashi wakiwa wakavu.

Kwenye weupe kuwa makini. Ndege wanaona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, na sabuni nyingi za kufulia zina dawa za kung'arisha zinazowaka kwenye mwanga huo. Kwa hiyo njiwa wa kitambaa, wavu wa maficho, hata jaketi lako, usivifue na sabuni hizo, maji matupu yanatosha. Nyeupe tumia ile ya ukutani isiyong'aa.

Sasa kitu ambacho nakipenda kuliko vyote, kunesa. Kundi linalokula halitulii, huyu anasogea, yule anainua mkia, kwa hiyo shamba la magamba yaliyogandishwa chini linaonekana limekufa. Gamba lisichomekwe chini, likae juu ya kijiti chembamba kinachonesa, fimbo ya faibaglasi au waya mgumu wa springi, upepo mdogo tu linaanza kutikisika. Na hapa kuna ujanja: tundu la kijiti usilitoboe katikati kabisa, lisogeze kidogo upande wa kichwa. Sehemu kubwa ya mwili ikibaki nyuma ya kijiti, upepo unasukuma mkia na gamba linageuka lenyewe kuuelekea upepo, kama njiwa halisi anavyosimama. Weka ushanga au washa (kile kibati cha duara chenye tundu) chini ya tundu lisikwame, na pini mbili ndogo za kulizuia lisizunguke duara zima, maana njiwa anayezunguka kama feni hakuna aliyewahi kumwona. Urefu wa kijiti ufuate zao, kwenye mabua mafupi weka chini, kwenye repu iliyoota juu inua mpaka mgongo utokeze.

Ukishapata njiwa wa kwanza, mabawa usitupe. Yafungue, yabane kwenye ubao kwa pini, paka chumvi au boraksi pale penye nyama, acha yakauke sehemu kavu, baadae yafunge kwa waya kwenye magamba mawili matatu. Ule mstari mweupe halisi hakuna rangi inayoufikia. Na njiwa aliyekufa mwenyewe ndo bandia bora kuliko wote, mlaze kifudifudi, kijiti chembamba chini ya kidevu kichwa kikae sawa, mabawa yamefungwa. Kila ukipata nafasi ongeza hao na upunguze plastiki. Aliyelala chali miguu juu, au manyoya yaliyotapakaa chini, okota haraka sana.

Ile mashine ya kuzungusha njiwa wawili kwa betri ya volti 12, watu huiita magneti, inavuta kutoka mbali, lakini sio kila siku. Iweke spidi ndogo, mikono isiwe na kimo sawa, isiwe katikati ya pale unapotaka watue. Ukiona wanakuja vizuri halafu wanakwepa dakika ya mwisho, izime kabla hujaanza kulaumu vingine. Kwa bajeti ndogo fimbo ndefu inayopinda yenye njiwa mmoja aliyefunguliwa mabawa, inapanda na kushuka na upepo, inatosha.

Kupanga sitaongea sana. Kwanza kaa na darubini uone wanapita njia gani na wanatua wapi, usipange pale panapokufurahisha wewe. Upepo uwe mgongoni kwako, panga umbo la kiatu cha farasi, yaani kama herufi U, mdomo wazi ukielekea kule upepo unakokwenda ili waingie wakiukabili upepo, nafasi ya kutua iwe hatua ishirini hadi ishirini na tano kutoka kwenye maficho. Kati ya njiwa na njiwa acha karibu mita mbili, wakibanana wanaonekana wanataka kuruka. Wote wauelekee upepo ila sio kwa rula, huyu kushoto kidogo huyu kulia. Njiwa bandia wa mwisho kwa mbali awe alama yako, ndege akiwa ng'ambo ya huyo usipige, ndege aliyejeruhiwa akaenda kufia kichakani ni jambo baya na nyama imepotea.

Ukirudi nyumbani usiache magamba kwenye begi yakiwa na unyevu. Yatandaze yakauke, toa tope kwa brashi laini, angalia vijiti vilivyopasuka, na mabawa yaweke kwenye boksi linalofunga vizuri nondo wasiyafikie, ukayatia na vipande vya mbao ya mwerezi kama unavipata.