Namna ya kudumu na watu wa kujitolea hata msimu wa korosho

Somo hili ni kwa asasi ndogo za Mtwara na Lindi zenye watu wa kujitolea kati ya 5 na 30: wanaosomesha watoto, wanaotembelea wagonjwa majumbani, wanaopanda mikoko. Kilio cha waratibu ni kilekile: Julai watu ishirini, Novemba wamebaki wanne, na lawama zinakwenda kwa "vijana wa siku hizi hawana moyo". Mara nyingi moyo upo. Kinachokosekana ni nauli iliyolipwa kwa wakati na ratiba inayojua kwamba korosho zinaanguka.

Hatua ya 1: Kalenda kabla ya kazi

Chukua karatasi kubwa, chora miezi yote 12, kisha jaza kwanza mambo ya watu. Kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kuanzia Mei au Juni hadi Agosti. Kuokota korosho na minada, Oktoba hadi Desemba, na kwingine hadi Januari. Kulima na kupalilia mvua zikianza. Unyago na jando, ambavyo familia nyingi huvipanga likizo za shule. Ramadhani, inayorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Kwa vijiji vya pwani kama Msimbati, ongeza bamvua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hutoka mbali, na mama anayeokota pweza hataacha mwamba aje kwenye kikao chako.

Kazi za asasi ndizo zitafute nafasi iliyobaki. Mafunzo ya siku nzima yaishe kabla korosho hazijaanza kuanguka. Oktoba hadi Desemba bakiza kazi ya saa mbili kwa wiki, ifanyike hukohuko kijijini, bila kumtoa mtu shambani kwake. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 1985 kwamba 5 Desemba iwe siku ya kuwaenzi wanaojitolea. Kwetu inaangukia katikati ya mavuno. Fanyeni sherehe yenu Februari, hakuna atakayewashitaki.

Hatua ya 2: Makubaliano ya ukurasa mmoja

Usiandike "kusaidia shughuli za asasi". Andika "kusomesha watoto sita wa darasa la pili, Jumanne na Alhamisi, saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni". Weka jina la anayemwongoza, gharama zitakazorudishwa, na tarehe ya mwisho: miezi mitatu, inayoweza kuongezwa. Tarehe hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu anayejua muda wake unaisha lini huja kuaga. Asiyejua hupotea tu, na simu yako hapokei. Nakala ziwe mbili, moja aende nayo nyumbani. Asiyesoma vizuri asomewe, faragha.

Hatua ya 3: Nauli siku hiyohiyo

Hapa ndipo asasi nyingi zinapopoteza watu. Tenga fedha ya mkononi ya wiki mbili. Tuseme una watu 12, siku mbili kwa wiki, na nauli ya kwenda na kurudi kwa wastani ni shilingi 4,000. Hiyo ni 96,000 kwa wiki, 192,000 kwa wiki mbili. Ongeza sehemu ya kumi, maana mvua ikinyesha bodaboda hupandisha bei: 211,200. Kama kiasi hicho hakipo, punguza watu au siku. Usipunguze nauli.

Mpe kabla hajaondoka, asaini. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. La sivyo kila akienda kwa wakala anapungukiwa, na hasemi, anahesabu tu.

Lipa kwa umbali. Ukiweka kiwango kimoja, jirani wa ofisi anapata faida na anayetoka mbali anaongezea mfukoni mwake. Baada ya muda utabaki na majirani watupu. Mtunza fedha akidai risiti, mkumbushe kwamba bodaboda hawatoi. Tengeneza fomu yenye tarehe, alikotoka, alikokwenda, kiasi na saini mbili, ya msafiri na ya mratibu. Fomu hiyo mfadhili aikubali kwa maandishi mapema, si siku ya ukaguzi.

Hatua ya 4: Kila watu kumi, kiongozi mmoja

Mtu akikosa mara mbili mfululizo, kiongozi wake apige simu, aulize kwema kabla ya kuuliza kazi. Asimtaje kwenye kundi la WhatsApp. Akifiwa, asasi ipeleke mtu msibani, hata mkono mtupu.

Hatua ya 5: Waonyeshe kazi yao imezaa nini

Dakika kumi kila mwezi zinatosha: watoto wangapi walikuwa hawajui herufi, wangapi sasa wanasoma sentensi. Fulana ni sawa, ila iwe saizi yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Lindi mjini: Kuna mradi mkubwa umeingia, unatoa posho. Watu wetu wote wamehamia huko. Tufanyeje?

Jibu: Msishindane nao kwa fedha, hamtaweza. Ulizeni siku zao za mafunzo, mpange zenu siku nyingine, na mwambieni kila mtu wazi kwamba anaruhusiwa kufanya kote. Miradi hufungwa, aliyeondoka kwa amani hurudi. Tena msiite nauli yenu posho. Ukishaiita hivyo watu wanailinganisha, na wana haki.

Tandahimba: Tuna mzee anayeheshimika, lakini anachelewa na anawaamrisha vijana. Kumwambia tunaogopa.

Jibu: Asiambiwe kikaoni. Aendewe nyumbani na mtu wa rika lake, au mtani wake kama yupo kikundini. Mtani husema mazito na watu wakacheka. Mtumieni mahali mzee anapohitajika kweli: kuwatambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji, kufungua mikutano, kusuluhisha. Ratiba ya kila siku ishikwe na kijana.

Mikindani: Vijana wanataka vyeti vya kuombea kazi. Tuwape wote?

Jibu: Cheti chenye "ameshiriki kikamilifu" hakimwambii mwajiri kitu. Mpe barua inayotaja kazi aliyofanya, tangu lini hadi lini, jumla ya saa, na mambo mawili anayoyaweza, kwa mfano kujaza takwimu za mahudhurio na kuongoza kikao cha wazazi. Ili uweze kuiandika kwa ukweli, weka daftari la saa kuanzia siku ya kwanza. Aliyefanya wiki tatu apewe barua ya wiki tatu.