Jinsi ya kulinganisha nyasi na popo walio hatarini kuisha

Walimu wa klabu za mazingira huku Nakuru, hii kazi wanafunzi wakipewa wanakimbilia kuuliza nyasi iko mingapi na popo wako wangapi, alafu mwenye namba ndogo ndiye anasemekana ana shida zaidi. Hapo ndio wanapotea. Anzeni na vile kila mmoja anazaana, namba zitakuja baadaye.

Chukua nyasi ya Solano ya California huko Marekani, na popo anaitwa Otomops harrisoni, yule wa masikio makubwa yameinamia mbele kwa uso, analala kwa mapango ya lava pale Suswa, ukitoka Nakuru upite Naivasha na Mai Mahiu.

Hiyo nyasi inaota kwa vidimbwi vya mvua vinavyokauka kiangazi, majani yake yananata ukiyashika, na inakufa mwaka huo huo. Lakini mbegu zinabaki udongoni miaka kadhaa zikingoja mvua ya kutosha, kwa hivyo mwaka wa ukame unaweza kuhesabu sufuri na bado iko hapo chini. Swali la maana ni kama dimbwi lenyewe bado lipo ama limeshalimwa.

Popo hana akiba kama hiyo. Jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, sasa watu wakiingia pangoni na moto na kelele wakati wa kulea, kurudisha idadi ni miaka na miaka. Ukikuta pango tupu rudi msimu mwingine kabla useme wameisha.

Kitu ingine, angalia orodha. Nyasi ya Solano imelindwa na sheria ya Marekani tangu 1978, popo naye ako kwa orodha nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, daraja la walio hatarini, na hizo orodha mbili hazipimi sawa, usizilinganishe moja kwa moja jamani. Tumia vigezo vya IUCN kwa wote wawili: idadi imeshuka asilimia ngapi kwa miaka 10 ama vizazi 3, chukua kipindi kirefu. Kwa kawaida 30 ni hatarini, 50 ni hatarini zaidi, 80 ni hatarini kabisa.

Kwa jedwali weka safu ya kuzaana, ya makao, ya vitisho, alafu idadi mwisho. Pale data haipo andika haipo, usikisie.